Kabla ya mkoba kulikuwa na kasha: mafundi waliounda masanduku ya safari

Picha ilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp siku nzima. Sanduku kubwa la kahawia, pembe zimeshikwa na shaba, mshikio wa ngozi umechanika, na mwili mzima umetapakaa zile herufi mbili za mikoba ya bei ghali, L na V, pamoja na maua yake. Chini yake mtu ameandika: "Louis Vuitton halisi, la mwaka 1860, aliliacha Mzungu mmoja. Anayelitaka anifuate pembeni." Mmoja akauliza kama miaka hiyo kulikuwa na fasheni. Wa pili akasema sanduku la kale la kweli lazima liwe na mfuniko wa mviringo, kama yale ya maharamia kwenye sinema. Wa tatu, Mzanzibari, akawakatisha wote: masanduku ni ya kwetu, Wazungu wameiga.

Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Na tangazo lenyewe lilikuwa na kosa moja ambalo mtu analiona bila hata kuligusa sanduku. Tutalifikia.

Maneno kwanza. Kiswahili kina majina mengi ya vyombo vya kutunzia vitu, na kila jina limeshuka bandarini na mtu wake. Sanduku limetoka kwa Waarabu. Kasha na bweta ni urithi wa Wareno. Kasha ni kubwa, bweta ni dogo la vito na vikorokoro. Tranka, lile sanduku la bati ambalo mwanafunzi wa bweni hulipiga kufuli mbili na bado maandazi yake yakaliwa, ni Kiingereza, na kwa Waingereza wenyewe neno hilo lina maana nyingine: gogo la mti. Inaaminika kwamba masanduku ya mwanzo huko kwao yalichimbwa kwenye gogo, kama sisi tunavyochimba mtumbwi.

Suti kesi ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Suti kesi ina mshikio juu kwa sababu mwenyewe ndiye atakayeibeba. Sanduku la safari la karne ya 19 lina mishikio miwili, mmoja kila ubavu, kwa sababu lilikusudiwa kubebwa na watu wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwenye mali. Tajiri wa Paris hakuwahi kuwaza uzito wa sanduku lake. Huo ulikuwa mgongo wa mwingine.

Ukilishika hilo, mengine yanafunguka. Sanduku la safari halikubadilika kwa sababu ya mitindo. Lilibadilika kila chombo cha usafiri kilipobadilika: gari la farasi, treni, meli ya moshi, motokaa, ndege. Ndiyo maana anayetaka kukisia umri wa sanduku kuukuu anafanya vizuri kuuliza lilibebwa na nini, kabla hajauliza lilikuwa la nani.

Turudi kwenye jina lililo kwenye picha. Watu wengi wanadhani Louis Vuitton alikuwa mbunifu wa mavazi. Hakuwa. Alikuwa mfungashaji.

Alizaliwa mwaka 1821 huko Anchay, kijiji cha mkoa wa Jura, mashariki mwa Ufaransa. Akiwa kijana mdogo alitoroka nyumbani kwa miguu, akifanya vibarua njiani, na mwaka 1837 akaingia Paris. Mwaka uleule ilifunguliwa reli ya kwanza ya abiria kutoka Paris kwenda upande wa Saint-Germain. Sijui kama kijana huyo aliliona lile treni likitoa moshi, lakini reli ndiyo iliyokuja kumpa ugali.

Alipata kazi ya uanagenzi kwa fundi aliyeitwa Maréchal. Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili: kuchonga visanduku vya mbao kwa kipimo cha kitu kitakachowekwa ndani, kisha kwenda nyumbani kwa mteja na kukipanga hicho kitu kwa mikono yako. Waone wale vijana wa Kariakoo wanaofunga mizigo ya kupanda basi la mkoani: unampelekea seti ya vikombe, anatafuta boksi, anakata godoro, anazungushia kamba, na vikombe vinafika Kigoma vizima. Sasa badala ya vikombe weka magauni ya enzi zile, mapana kama mwavuli, yenye lesi na hariri, ambayo yakikunjwa vibaya yameharibika. Kulikunja gauni kama hilo ulikuwa ujuzi unaolipwa, na Vuitton aliupata kiasi kwamba miaka ya 1850 mapema alikuwa akimfungashia Malkia Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa. Mteja wa namna hiyo akikuamini, wake wa mabwana wote wa mji watakufuata.

Mwaka 1854 akafungua duka lake, na mwaka 1859 akajenga karakana Asnières, nje kidogo ya Paris. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa mandhari. Mto Seine ulikuwa karibu wa kuleta mbao, na reli ilikuwa karibu ya kuingia mjini.

Kufikia hapo masanduku mengi ya safari yalikuwa na mfuniko wa mviringo na yamevikwa ngozi. Mviringo ulikuwa na akili yake. Sanduku lilifungwa juu ya paa la gari la farasi, mvua ikinyesha maji yanateremka pande zote badala ya kutuama. Lakini kwenye behewa la mizigo, au tumboni mwa meli, hakuna mvua. Kuna jambo moja tu: kupanga. Kreti za soda unazipanga hadi darini, matikiti huwezi. Vuitton akatengeneza sanduku lenye mfuniko bapa, mbao nyepesi za mti uitwao mpopla, na badala ya ngozi akalivika turubai la kijivu lililopakwa gundi ya kuzuia maji. Ngozi ilikuwa nzito, na ikikaa wiki kadhaa kwenye unyevu wa meli inaota ukungu na kunuka. Turubai lilikuwa jepesi na halikuwa na matatizo hayo.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana utasoma mahali pengi kwamba Vuitton "alivumbua" sanduku bapa. Kasha bapa lilikuwepo duniani kabla ya babu yake kuzaliwa, na yule Mzanzibari wa kundi letu angeweza kumwonyesha moja sebuleni kwa bibi yake. Alichofanya Vuitton ni kuona mapema kwamba msafiri wa Paris amehama kutoka garini kwenda trenini, na sanduku lake bado halijahama.

Vilevile mfuniko wa mviringo hauthibitishi uzee. Marekani viwanda viliendelea kutengeneza masanduku ya mviringo kwa wingi hadi mwishoni mwa karne ya 19. Inasemekana wateja waliyapenda kwa ujanja: kwa kuwa hakuna kitu kinachokaa juu ya mviringo, wapagazi walilazimika kuliweka sanduku lako juu kabisa ya rundo. Kwa hiyo la mviringo linaweza kuwa la 1830 au la 1895. Sinema za maharamia zisikudanganye.

Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa, na Eugénie mwenyewe alikuwepo kwenye sherehe. Kuanzia hapo meli za moshi zilipata njia fupi ya kuja bahari yetu. Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika Zanzibar kutoka Aden. Safari ya wiki kadhaa melini ilizaa sanduku lake: fupi, la kimo cha kama sentimita 35, la kusukumwa chini ya kitanda cha chumba cha abiria. Makubwa yalishushwa ghalani hadi mwisho wa safari. Baadaye likaja sanduku la kabati la nguo, linalosimama wima na kufunguka katikati kama kitabu, upande mmoja vining'inizio, upande wa pili droo. Wamarekani walilifanyia kazi sana hilo. Hartmann wa Milwaukee, kampuni iliyoanza 1877, ni jina mojawapo utakalokuta limepigwa kwenye bati dogo karibu na kufuli.

Sasa lile kosa la tangazo.

Biashara ya turubai la kijivu ilipokubali, waigaji walimiminika. Turubai la kijivu ni turubai la kijivu. Nani atajua nani kalipaka? Mwaka 1872 Vuitton akatoka na turubai la milia. Likaigwa. Mwaka 1876 akabadilisha rangi za milia, zikawa za kahawia. Zikaigwa. Mwaka 1888 yeye na mwanawe Georges wakaleta la viraba, mfano wa ubao wa drafti, na ndani ya viraba wakaandika kwa Kifaransa kwamba hiyo ni alama ya L. Vuitton iliyosajiliwa. Mwaka 1892 mzee akafariki. Ni mwaka 1896 ndipo Georges alipotoa turubai la herufi L na V na maua, kwa kumkumbuka baba yake.

Hesabu sasa. Mwaka 1860 sanduku la Vuitton lilikuwa la kijivu tupu. Herufi za L na V zilitokea miaka 36 baadaye, na Louis Vuitton mwenyewe hakuwahi kuziona. Nembo iliyobuniwa ili kumchosha mwigaji ndiyo leo utaikuta kwenye mkoba, kandambili, kofia, hata kwenye kitambaa cha siti ya bodaboda.

Kufuli nayo ina hadithi yake. Mwaka 1886 baba na mwana walitengeneza kitasa kigumu kuchokonoa, na mteja aliweza kuagiza masanduku yake yote yafunguke kwa ufunguo mmoja wake peke yake. Kila kitasa kilipewa namba, namba ikaandikwa kwenye daftari la karakana. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye akili leo huanza kwa namba ya kitasa na ile ya kwenye lebo ndani ya mfuniko. Turubai linaweza kubandikwa upya mwaka jana. Namba ni shida kidogo kuitungia ukoo.

Vuitton hakuwa peke yake, wala hakuwa wa kwanza. Nyumba ambayo leo inaitwa Goyard ilianza mwaka 1792 chini ya fundi Pierre-François Martin, ikarithiwa, na mwaka 1853 ikaangukia mikononi mwa François Goyard, kijana wa miaka ya ishirini na kidogo. Mwanawe Edmond ndiye aliyetoa, mwaka 1892, lile turubai la vidoto vilivyopangika kama mishale. Ukiona ufanano na turubai la viraba la miaka minne nyuma, wazo lilikuwa lilelile: alama ambayo jirani hawezi kuiba kirahisi. Ninachokipenda mimi ni maelezo ya vile vidoto. Mababu wa akina Goyard walikuwa wasafirisha magogo, watu wa kusukuma kuni mtoni kutoka Burgundy hadi Paris, na vidoto vinasemwa kuwa ni rundo la magogo yaliyotazamwa kwa vichwani. Gogo tena, kama lile la neno tranka.

Na alikuwepo Pauline Moynat, mwanamke katikati ya mafundi wanaume watupu, ambaye jina lake lilipanda juu ya duka la barabara ya Opéra mwaka 1869. Nyumba ya Moynat ilisoma chombo kilichofuata kabla ya wengine wengi. Motokaa zilipoanza kubeba mizigo juu ya paa, na paa lenyewe lina mgongo, sanduku bapa lilikuwa likichezacheza na kukwaruza rangi. Mwaka 1902 Moynat wakatoa sanduku lenye kitako kilichopinda kufuata mgongo wa gari. Mfuniko ukawa bapa, mviringo ukahamia chini. Duka lilifungwa mwaka 1976, na jina likafufuliwa karne hii na matajiri wapya.

Mzanzibari wetu je? Alichosema ni nusu, na nusu hiyo ni nzuri. Yale makasha ya mbao ngumu yaliyopigwa misumari ya shaba kwa mapambo, yenye mabamba ya shaba yaliyotobolewa maua, droo mbili au tatu chini na kijisanduku ndani ubavuni, ulimwengu mzima unayaita masanduku ya Zanzibar. Lakini yale ya zamani mengi hayakutengenezwa Zanzibar. Majina ya mitindo yake yanasema yenyewe: Surat, Bombay, Malabar, Shirazi. Msaji (mtiki) na mbao nyekundu za India zilichongwa na maseremala wa pwani ile, zikaletwa na majahazi kwa upepo wa kaskazi pamoja na vitambaa na vyombo, zikauzwa Maskati, Lamu, Mombasa na Unguja. Ni sawa na mtu kuita kitenge cha Uholanzi "kitenge cha Kongo" kwa sababu ndiko kilikovaliwa kikapendeza.

Hata hivyo kuishia hapo ni kumpunja fundi wa Unguja. Makasha yalivunjika, yakatengenezwa hapa. Yakapendwa, yakaigwa hapa, na mpaka leo Mji Mkongwe kuna mafundi wanaoyachonga na kuyapigia shaba. Na matumizi ni yetu. Lilikaa miguuni mwa kitanda cha bibi harusi, limejaa kanga na harufu ya udi. Lilikaa pia chomboni: nahodha alikuwa na lake la hati na fedha, mabaharia nao wakiwa na yao, na mara nyingi ndani yake mna kificho nyuma ya droo ambacho mrithi anaweza kulala nacho miaka ishirini bila kukijua. Kwa hiyo ni samani na ni mzigo wa safari, kwa pamoja, jambo ambalo sanduku la Paris halikuwahi kuwa. Hakuna aliyeweka sanduku la treni sebuleni lipambe. Siku hizi ndiyo wanaliweka, limegeuzwa meza ya kahawa.

Bara mambo yalikuwa mengine. Misafara iliyotoka Bagamoyo haikuwa na behewa wala gati. Chombo cha usafiri kilikuwa kichwa na bega la mpagazi, na kipimo chake kilijulikana: mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni takribani kilo 16. Sanduku la Ulaya la kubebwa na watu wawili halikuwa na maana kwenye njia ya miguu inayopita mtu mmoja mmoja. Wasafiri wa Kizungu wakaagiza visanduku vidogo vya bati, vya kipimo cha mzigo mmoja, vinavyofunga vizuri mchwa na maji ya mito visiingie. Mafundi wa Paris nao hawakulala. Vuitton alitengeneza masanduku ya zinki na shaba kwa ajili ya nchi za joto, na Pierre Savorgnan de Brazza, mpelelezi aliyetumwa na Ufaransa ambaye jina lake limebaki kwenye jiji la Brazzaville, alikuwa na sanduku lao ambalo ukilifungua linakunjuka kuwa kitanda. Kitanda cha bwana mkubwa, begani mwa mtu anayelala chini.

Bati ndilo lililobaki. Maofisa wa kikoloni India na Afrika Mashariki walisafiri na masanduku ya bati yaliyoandikwa majina yao kwa rangi nyeupe, na fundi wa mjini aliyeliona moja alihitaji nyundo, mkasi wa bati na siku mbili kujua kulitengeneza. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, mwanzo wa muhula wa kidato cha kwanza: kelele za nyundo hazikatiki, masanduku yamepangwa kwa rangi, na mzazi anaonyesha kwa mkono urefu anaoutaka. Wateja wa Paris walikuwa wakiagiza vivyo hivyo, kwa kipimo, kwa fundi, jina likiandikwa juu. Mwanafunzi wa bweni ni miongoni mwa wasafiri wachache duniani ambao bado wanaishi na sanduku la karne ya 19.

Wengine ndege iliwanyang'anya. Sanduku la kabati la nguo likiwa tupu linaweza kupita kilo 30. Leo kwenye mizani ya uwanja wa ndege umeshamaliza mzigo wako kabla hujaweka soksi. Kazi ya viwanda ikawa kutafuta wepesi. Globe-Trotter, iliyoanza mwaka 1897 Saxony, Ujerumani, kisha ikahamia Uingereza, ilitumia karatasi zilizoshindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka zikawa ngumu kama ngozi. Huko Denver, Marekani, Jesse Shwayder alifungua kiwanda cha masanduku mwaka 1910, toleo moja akaliita kwa jina la Samsoni wa Biblia, na akatoa picha ya tangazo ambamo yeye, baba yake na ndugu zake wamesimama kwenye ubao uliolazwa juu ya suti kesi moja. Samsonite ya leo ndiyo hiyo. Magurudumu yalichelewa mno: Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya suti kesi ya kuburuta mwaka 1972, miaka mitatu baada ya binadamu kutua mwezini. Wapagazi walipotoweka kwenye vituo ndipo watu walipokumbuka kwamba mzigo ni mzito.

Jioni ile niliandika kwenye kundi, kwa upole, kwamba mwaka 1860 sanduku hilo lingekuwa la kijivu bila herufi yoyote, na kwamba ningependa kuona picha ya kitasa na namba yake. Picha haikuja. Baada ya nusu saa tangazo likafutwa, likapandishwa jipya: "Louis Vuitton halisi, la mwaka 1900." Bei ilikuwa ileile.